Bragantino na Red Bull: nani alimwokoa nani?

Kisa cha Bragantino kwa kawaida husimuliwa kwa ufupi sana. Klabu ya soka ya mji mdogo wa Bragança Paulista, katika jimbo la São Paulo, ilikuwa ikisuasua. Mwaka 2019 ikaja Red Bull, kampuni ya Austria inayouza vinywaji vya kuongeza nguvu, ikamwaga fedha na kuipandisha hadi Série A, ligi kuu ya Brazil. Mashabiki waliolalamika kwamba jina limeongezewa chapa ya biashara na nembo ya zamani imewekwa kando huonekana watu wasio na shukrani, wanaolilia jezi kuukuu ilhali wamejengewa nyumba. Sikatai kwamba kampuni hiyo iliifanyia klabu mambo makubwa. Ninachokataa ni kuianza hesabu mwaka 2019, kana kwamba kabla ya hapo palikuwa na kiwanja kitupu kinachosubiri mnunuzi.

Klabu iliyonunuliwa ilianzishwa Januari 1928, katika mji ambao hata leo una wakazi wapatao 170,000 tu na ambao Wabrazil wengi huujua zaidi kwa soseji zake. Mwaka 1989 ilitwaa ubingwa wa Série B, daraja la pili. Mwaka uliofuata, chini ya kocha kijana Vanderlei Luxemburgo, ambaye baadaye angekuja kuifundisha Real Madrid, ikawa bingwa wa jimbo la São Paulo, mbele ya klabu kubwa za Corinthians, Palmeiras, Santos na São Paulo. Fainali ile ilikuwa dhidi ya Novorizontino, timu ya mji mwingine mdogo, hata watu wakaiita fainali ya watu wa mashamba. Mechi zote mbili ziliisha 1-1, na Bragantino ikapewa kombe kwa rekodi yake bora ya msimu. Mwaka 1991, mikononi mwa kocha Carlos Alberto Parreira, ilifika fainali ya ubingwa wa Brazil nzima na kushindwa na klabu ya São Paulo ya kocha Telê Santana kwa bao moja tu katika dakika 180: 1-0 ugenini, 0-0 nyumbani. Miaka mitatu baadaye Parreira alitwaa Kombe la Dunia na timu ya taifa ya Brazil, akiwa na Mauro Silva katikati ya uwanja, kiungo yule yule aliyekuwa naye Bragança. Ni miji michache ya ukubwa huo, Brazil au kwingineko, inayoweza kusimulia habari kama hizo.

Baadaye ilianguka, tena kwa kishindo. Ilishuka kutoka Série A mwaka 1998 na haikuishia hapo. Iliteremka hadi Série C, daraja la tatu, ikaibuka bingwa wa daraja hilo mwaka 2007, ikashuka tena mwaka 2016, na mwaka 2018 ikapanda kurudi Série B. Mwaka huu wa mwisho ndio husahaulika, nao ndio ninaotaka msomaji aushike, kwa sababu una uhusiano wa moja kwa moja na yaliyotokea miezi michache baadaye.

Red Bull haikuingia Brazil mwaka 2019. Iliingia mwaka 2007, ilipoanzisha klabu yake mpya kabisa, Red Bull Brasil, katika mji wa Campinas. Ilikuwa na karibu kila kitu ambacho klabu ndogo za Brazil hukililia: mishahara iliyolipwa kwa wakati, viwanja vizuri vya mazoezi, wataalamu, na mtandao wa timu za kampuni hiyo Ulaya na Marekani. Ilikosa watu. Campinas tayari ilikuwa na Ponte Preta, iliyoanzishwa mwaka 1900, na Guarani, bingwa wa Brazil wa mwaka 1978. Watani hao wa jadi waliugawana mji vizazi vingi kabla ng'ombe wawili wekundu wa nembo ya Red Bull hawajafika, na hakuna mtoto wa Campinas aliyekuwa akisubiri apewe timu ya tatu ya kupenda. Ilipanda ngazi za ligi ya jimbo hadi ya juu kabisa, lakini katika ligi za taifa haikuwahi kuvuka Série D, daraja la nne.

Miaka 12, na bado Série D. Kisha, baada ya mkataba wa Machi 2019 na Bragantino, ilichukua msimu mmoja tu kuwa mabingwa wa Série B na kuingia Série A. Nimeitazama tofauti hiyo mara nyingi, na kila nikiitazama naona usimulizi wa kawaida umepinduliwa kichwa chini miguu juu. Fedha zilikuwapo mwaka 2007, 2010 na 2015. Kilichopatikana mwaka 2019 ambacho hakikuwapo kabla ni nafasi ya Série B, na nafasi hiyo ilipatikana kwa jasho la wachezaji waliovaa nyeusi na nyeupe ya Bragantino mwaka 2018, kwa bajeti ya klabu ya wilayani, wengi wao wakiwa hawana habari kwamba wanapanda daraja kwa niaba ya kampuni ya nje. Pamoja na nafasi hiyo zilikuja kumbukumbu za 1990 na 1991, na mji mzima usio na timu nyingine kubwa ya kushindana nayo. Vitu hivyo havijengwi kwa fedha, na Campinas ndio ushahidi. Ukiniuliza nani alimwokoa nani, mimi nitasema mradi wa Red Bull nchini Brazil uliokolewa Bragança Paulista.

Hoja hii ina upande wake wa pili, na haifai kuuficha. Kikosi kilichotwaa Série B hakikuwa kile cha 2018. Kocha Antônio Carlos Zago na sehemu kubwa ya wachezaji wake walihamishwa kutoka Campinas, ambako walikuwa wametoka kung'ara katika ligi ya jimbo mapema mwaka huo huo. Bila wao, Bragantino ingeweza kabisa kumaliza msimu ikipigania kutoshuka. Nafasi ni mlango, na mtu asiye na mguu wa kuingilia hufaidika kidogo na mlango ulio wazi. Hilo nalikubali. Lakini timu ile ile ingebaki Campinas, msimu wake wa taifa usingevuka daraja la nne.

Upande wa pili una hoja nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko zote, ingawa watetezi wa kampuni huitaja kwa nadra. Ni uongo mtamu kusema kwamba klabu ilinyang'anywa wananchi. Kwa miongo kadhaa Bragantino ilikuwa mikononi mwa familia moja. Nabi Abi Chedid, mwanasiasa wa jimbo aliyewahi kuongoza shirikisho la soka la São Paulo na kuwa makamu wa rais wa shirikisho la taifa, ndiye aliyekuwa nguzo ya klabu katika miaka ya utukufu. Baada ya kifo chake mwaka 2006, uwanja uliojulikana kama Marcelo Stéfani ulipewa jina lake. Mwanawe, Marco Antonio Abi Chedid, ndiye aliyekuwa rais mkataba ulipofikiwa. Basi kama jina la kampuni kwenye nembo linakera, jina la familia kwenye lango la uwanja nalo lingestahili kuulizwa maswali, na sikumbuki likiulizwa kwa sauti kubwa kiasi hicho.

Matunda yalionekana haraka. Mwaka 2020, msimu wa kwanza wa jina la Red Bull Bragantino, Claudinho alikuwa mmoja wa wafungaji bora wawili wa Série A kwa mabao 18, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi, na mwaka uliofuata akarudi kutoka Tokyo na dhahabu ya Olimpiki. Novemba 2021 timu ilicheza fainali ya Copa Sudamericana, kombe la pili kwa ukubwa la klabu za Amerika Kusini, mjini Montevideo, ikafungwa 1-0 na Athletico Paranaense. Mwaka 2022 ikacheza Libertadores, kombe kubwa kuliko yote la klabu za bara hilo. Lakini Claudinho hakuwapo Montevideo. Alikuwa ameshauzwa Zenit ya Urusi. Ndivyo mfumo unavyofanya kazi: kijana hununuliwa, hukuzwa, huuzwa. Klabu zote za Brazil huuza wachezaji, hivyo hilo si kosa, ila mwaka 2024, timu ilipomaliza nafasi ya 16 na kuponea chupuchupu kushuka, ilionekana wazi kwamba kikosi cha vijana wa kuuzwa hakiwi kila mara kikosi cha kushinda.

Linabaki suala la jina, nembo na rangi, ambalo wachambuzi wengi hulitupa kwenye kapu la hisia. Nyeusi na nyeupe hazikufutwa; nyekundu iliongezwa, ng'ombe wakachukua nembo, na mashabiki wanaendelea kuiita timu kwa jina lake la utani, Massa Bruta. Ukilinganisha na Salzburg, ambako mwaka 2005 kampuni hiyo hiyo iliiondoa zambarau kabisa na mashabiki wakaenda kuanzisha klabu yao upya kutoka daraja la chini, Bragança walitendewa kwa upole. Upole huo, hata hivyo, ulikuwa hiari ya mnunuzi. Makampuni yaliyofuata Brazil hayakuachiwa hiari ya namna hiyo. Agosti 2021 nchi hiyo ilipitisha sheria namba 14.193, inayoruhusu klabu kugeuzwa kampuni za hisa za soka. Sheria hiyo inasema kwamba klabu ya asili, maadamu inashikilia hisa zake za daraja A, yaani hisa maalumu zinazotengewa klabu hiyo pekee, hata zikiwa chache kiasi gani, lazima iridhie kabla ya kubadilishwa jina, nembo, jina la utani, wimbo au rangi, au timu kuhamishiwa mji mwingine. Waandishi wa sheria hawakuyaita mambo hayo hisia. Waliyaorodhesha kama mali ya klabu, miaka miwili baada ya Bragantino kuwa imeshauzwa.