Usiku wa Ijumaa

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi Unguja, mzee wa nyumba ya jirani alinialika kwenye maulidi kwa maneno manne tu: "Usiku wa Ijumaa, usikose."

Ijumaa hiyo nilioga mapema, nikavaa kanzu ya kuazima iliyonifika katikati ya muundi, nikanunua kilo moja ya halua, na saa mbili kasorobo nilikuwa mlangoni nikipiga hodi kwa sauti ya mtu anayengojewa. Mzee alifungua akiwa na msuli na singlendi, kijiti cha meno mdomoni. Nyuma yake mikeka ilikuwa imekunjwa na kuegemezwa ukutani, na kijana mmoja alikuwa akikwangua ukoko kwenye sufuria kubwa la kutosha mtu kuogea.

"Shikamoo, mzee. Nimewahi?"

"Marahaba, mwanangu. Umewahi sana, kama unakusudia maulidi ya mwakani."

Ndipo nilipofunzwa, huku nikila pilau ya jana iliyopashwa moto, kwamba kwa wazee wa pwani siku huanza jua linapotua, hivyo usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa Ijumaa ni ule ambao sisi wa Dodoma tungeuita Alhamisi usiku au, tukitaka kusikika kama redio, usiku wa kuamkia Ijumaa. Nilitaka kubisha, lakini ubishi wangu ulikosa pa kusimama, kwa kuwa juma letu lenyewe lina siku mbili za tano, Jumatano kwa Kiswahili na Alhamisi kwa Kiarabu, na sijawahi kulilalamikia.

Miezi miwili baadaye kijana yule wa ukoko, ambaye ni mwanawe, aliniambia kwamba usiku wa Jumapili wangemfanyia karamu kaka yake anayesafiri kwenda Muscat. Nilitabasamu kama mwenyeji. Jumamosi, mara tu baada ya magharibi, nilipiga hodi nikiwa na halua yangu mkononi, na mzee akafungua akiwa na msuli uleule.

Kumbe kijana hufanya kazi benki, na usiku wake hufuata mchana.

"Kule ulichelewa siku moja, na huku umewahi siku moja," mzee alisema akiipokea halua na kuanza kuifungua palepale mlangoni. "Hatudaiani. Ila kesho uje na nyingine, mwanangu, maana hii Jumapili yangu imeshaiona, lakini ya kwako haitaiona."