Mtaka cha Uvunguni Sharti Apige Jeki

Aliyesema mtaka cha uvunguni sharti ainame hakuwa na Toyota IST. Ukiinama utaona nini? Sakafu ya gari lile iko sentimita 15 hivi kutoka ardhini. Unainama, unapiga magoti, unalala chali kwenye mchanga wa Mbagala, kichwa kinaingia, tumbo linabaki nje kama mgeni asiyekaribishwa. Na yote hayo kwa ajili ya nati moja ya oili, spana namba 14, ambayo ikiachia inakumwagia oili ya moto kutoka kiganjani mpaka kwapani, na bado lita tatu na ushei zinasubiri zamu.

Halafu jeki yenyewe haipo. Iko kwa jirani. Jeki ya mtaani ni kama sufuria la msiba: kila mtu ameshalitumia, hakuna anayejua liko nyumba gani.

Ndiyo maana wanaume wa uswahilini wameingiwa na ndoto: kwa nini jeki zisifungwe humo humo chini ya gari? Jumamosi asubuhi unabonyeza swichi, gari linanyanyuka lenyewe, wewe unavuta mkeka.

Na wala si ndoto ya kijinga. Uingereza, miaka ya 1930, baadhi ya magari yalitoka kiwandani na mfumo wa haidroliki ulioitwa Jackall. Unapampu kwa mkono, gari linapanda. Citroën DS ya 1955 ilikuwa na maringo zaidi: ukisogeza kijiti bodi inapanda hadi mwisho, unaweka stendi ya chuma chini ya bodi, unarudisha kijiti chini, na kwa kuwa bodi imeshazuiwa, magurudumu ndiyo yanajikunja juu kama miguu ya kuku aliyebebwa kwenda sokoni. Magari ya mbio za Le Mans nayo unayaona: fundi anachomeka bomba la hewa, gari linaruka.

Sasa chukua futi uende kwenye IST, ndipo kilio kinapoanza.

Gari la mbio liko sentimita chache tu kutoka kwenye lami na springi zake ni ngumu, kwa hiyo pistoni fupi inatosha. IST ina nafasi tupu ya sentimita 15 chini yake. Ukianza kunyanyua, springi zinanyooka kwanza, kama sentimita 10 nzima, na tairi bado limekaa chini linakutazama. Ongeza 5 za kupitishia tairi lililojaa upepo. Jumla 30. Silinda inayosukuma sentimita 30, ikiwa imefungwa, haipungui urefu wa 40. Utaiweka wapi wima? Mahali pa kupigia jeki ni kwenye ukingo wa chini ya milango, pale penye alama mbili za mkato. Yaani bomba litaota mlangoni, na mama mkwe atapanda gari kwa kuliruka.

Basi ilaze, useme iwe mguu wa kukunja. Sawa, lakini mguu ukisimama mshazari chini ya mzigo unakunjika, kwa hiyo unahitaji bawaba nene, pini na kufuli ya kuushika wima. Ukishamaliza, chuma hicho kinaning'inia sentimita 7 au 8 chini ya sakafu. Rasta utazivuka. Tuta la kwanza litakuachia mguu mmoja barabarani, na konda wa daladala ya nyuma atakuambia umeangusha mguu wa meza.

Hewa je? Compressor ya fundi pancha inatoa bar 8 hivi, yaani kilo 8 kwa kila sentimita ya mraba. IST ina tani moja na kidogo, na mbele ndiko kuzito: kila pistoni ya mbele ibebe kilo 320. Gawanya, unapata sentimita za mraba 40, unene wa kopo la nyanya, na hapo hujaacha akiba yoyote. Oili ni afadhali. Kwa bar 150 eneo la sentimita za mraba 2 na ushei linatosha, ingawa fimbo nyembamba hivyo yenye urefu wa 30 inaweza kupinda, kwa hiyo weka ya sentimita 3. Tatizo ni pampu: ya kilowati 1.5 inanyonya ampea 125 kwenye volti 12. Inataka waya mnene kama kidole, fyuzi yake na rilei yake, kutoka betrini moja kwa moja. Fundi umeme wa mtaani ataiunga kwenye waya wa taa za fogi, halafu ataondoka kabla moshi haujaonekana.

Na oili ina tabia ya kukimbilia penye wepesi. Pistoni zote nne zikila bomba moja bila valvu ya kila mguu, nyuma ndiko kwepesi, basi gari linainuka kama ng'ombe, matako kwanza. Breki ya mkono kwenye IST inashika magurudumu ya nyuma, na hayo yameshaelea. Limebaki gia ya P peke yake, na uwanja una mteremko.

Kuhusu kuchomelea, hapo ndipo watu wanapoharibu kabisa. Hiyo si Land Cruiser yenye chesesi. Bodi ya IST ni bati lisilofika hata milimita 1 sehemu nyingi, limekunjwa likapewa nguvu kwa umbo. Ukichomelea mguu hapo moja kwa moja, siku ya kwanza jeki inapanda na gari linabaki pale pale. Utahitaji bamba la milimita 4 la kusambaza mzigo, kapeti itolewe, terminali hasi ya betri itolewe, mabomba ya petroli yajulikane yanapita wapi kabla moto haujawashwa. Na ndani ya ukingo, rangi ikishaungua, kutu inaanza kimya kimya. Hewa ya pwani haihitaji kusihiwa. Kama gari lilitumika upande wa theluji ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi, huenda kutu ilishuka nalo melini.

Tuseme yote yamefanikiwa. Tope la masika linakauka kwenye fimbo ya pistoni, mchanga unakata sili, yaani mpira unaozuia oili, na oili inavuja taratibu. Gari halianguki kwa kishindo. Linashuka kama usingizi, wewe uko chini na tochi mdomoni. Hata kwenye mbio, fundi haingii chini kabla ya kuweka kizuizi kwenye jeki. Kwa hiyo, baada ya gharama zote hizo, bado utanunua stendi!

Basi nunua stendi kwanza, bwana. Adui wako si uzito, ni mchanga. Kitako cha jeki ya gari kina kama sentimita za mraba 100. Kilo 320 zikikaa hapo zinazama. Ubao wa sentimita 40 kwa 40, unene wa 5, unasambaza mzigo huo huo mara 16. Jeki ya magurudumu inataka zaidi, kwa sababu mkono wake ukipanda unachora upinde na jeki lazima itambae kufuata. Kwenye mchanga haitambai, inavuta gari pembeni. Itandikie plaiwudi nene ya mita 1.2 kwa 0.6.

Kwa fundi kandambili omba kipande cha tairi kuukuu, ukikate mfereji wa sentimita 2 kwenda chini, ili ukingo wa bati uzame humo usipondeke. Kama unatoa tairi, legeza nati zake, namba 21, nusu mzunguko wakati tairi bado liko chini. Mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Jeki kwenye mhimili wa mbele, siyo kwenye sampo, lile bakuli la oili, nakuomba. Stendi kwenye zile alama za mkato, kila moja na ubao wake. Tikisa gari kwa mkono kabla hujalala. Kufunga nati za tairi ni Nm (nyutoni mita) 103, yaani kilo 35 kwenye spana ya sentimita 30. Siyo kuirukia kwa miguu miwili huku watoto wanahesabu.

Faida moja ya jeki ya kufungwa siwezi kuikataa: haiazimiki. Wazo hilo linafariji mpaka jioni, jirani anapotokea getini na kandambili zake. "Baba Neema, nasikia gari lako siku hizi lina jeki ndani. Hebu nipe funguo mara moja."