Dishi lishuke au libaki? Hesabu ya sebule moja ya Kigoma

Mpwa wangu aliporudi likizo kutoka chuoni Dodoma, kitu cha kwanza alichokikodolea macho hapa nyumbani Mwanga kilikuwa dishi. "Mjomba, hili lishushwe," akasema. "Weka intaneti ya mwezi, kila mtu aangalie anachotaka." Mke wangu, ambaye tamthilia yake haina mjadala, hakujibu. Alisogeza tu rimoti upande wake.

Hoja ya kijana si ya kupuuza. King'amuzi unakilipia mwezi mzima hata ukiwa umesafiri kwenda Kasulu wiki mbili. Kifurushi kina chaneli kibao, nyumba inaangalia nne au tano. Intaneti nayo haiishii kwenye filamu: mwanafunzi anarudia somo kwa video, na mfanyabiashara wa dagaa anamtumia mteja picha za mzigo kabla haujapakiwa. Shilingi ileile, kazi tatu.

Nilichomwomba ni tukae na kalamu. Netflix, wauzaji wa filamu kwa intaneti, wenyewe wanaeleza kwamba video ya ubora wa kawaida hula hadi GB 1 ya bando kwa saa, ya HD, yaani picha kali, hadi GB 3, na ya 4K, kali zaidi ya hiyo, hadi GB 7. Sisi huangalia saa mbili kila usiku. Kwa HD hizo ni GB 6 kwa usiku, GB 180 kwa mwezi, na hapo ni skrini moja tu. Ubora wa kawaida unazishusha hadi 60. Ukienda kwenye mipangilio ukachagua kiwango cha chini kabisa, GB 0.3 kwa saa, mwezi mzima unamalizwa na GB 18. Kwenye simu picha hiyo haina shida. Kwenye TV ya inchi 43 nyuso zinakuwa kama zimechorwa kwa mkaa halafu zikanyeshewa. King'amuzi hakijui hesabu hizi. Uangalie saa moja au saa kumi na nane, bei haibadiliki, na nyumba zetu nyingi TV huwashwa na wa kwanza kuamka, huzimwa na wa mwisho kulala.

"Si bando, Mjomba. Ni ile isiyo na kikomo."

Hapo ndipo nilipomshika. Maneno hayo yameuza ruta nyingi, vile vifaa vya kusambaza intaneti nyumbani. Vifurushi vya namna hiyo huuzwa kwa kasi badala ya GB, na kwa kasi hakuna ugomvi: Mbps 5, yaani megabiti tano kwa sekunde, zinatosha video moja ya HD kamili, 4K inataka 15. Ugomvi uko kwenye maandishi madogo yanayoitwa matumizi ya haki. Ukishakula kiasi fulani, kasi inashushwa mpaka mwezi uishe. Kikomo kipo, ila kimebadilishiwa jina.

Halafu kuna mnara. Jirani yangu alinunua ruta ya laini ya simu. Mchana inaruka, ikifika saa mbili usiku kale kaduara kanaanza kuzunguka, maana mtaa mzima umerudi nyumbani na wote wananing'inia kwenye mnara mmoja. Ongeza miinuko yetu: nyumba iliyo mgongoni mwa kilima na ile iliyo bondeni zinaweza kuachana hatua chache tu, lakini mtandao wa moja usiufananishe na wa nyingine. Ushauri wangu kwa anayetaka ruta ni wa bei rahisi. Azima laini ya mtandao huo, kaa nayo sebuleni, si uani, saa tatu usiku, ucheze video ya HD nusu saa. Muuzaji yeye atakuonyesha kasi saa nne asubuhi, dukani kwake.

Faiba ni habari nyingine, na hapa nakiri mpwa wangu ana haki karibu yote. Waya ukiingia ndani, kilima na msongamano wa mnara si tatizo lako tena. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, njia kuu ya nyaya za intaneti nchini, umefika Kigoma, lakini mkongo kufika mjini na waya kufika dirishani ni safari mbili tofauti. Mtaani kwetu ile ya pili bado. Hata kwa wenye nao, Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilidorora nchi nzima huku wenye madishi wakiendelea na taarifa ya habari. Setilaiti iko kilomita 36,000 juu. Haina habari na kilichotokea chini ya bahari.

Dishi nalo lina kilema chake, nacho ni masika. Yale ya Azam huku kwetu hutazama magharibi, ziwani na milima ya Kongo, na wingu zito likitanda upande huo picha inavunjika vigaevigae, kisha inapotea. Unasubiri mvua ipungue.

Mpira ndio ulionifanya nisipande batini kulishusha dishi. Mwaka 2021 Azam Media walisaini mkataba wa miaka kumi wa haki za Ligi Kuu, shilingi bilioni 225.6, kwa hiyo Simba na Yanga utawafuata kwao, kwa dishi au kwa programu ya simu. Ila video ya intaneti hukatwa vipandevipande na kuwekwa akiba kabla ya kuonyeshwa, hivyo hubaki nyuma ya dishi, wakati mwingine nusu dakika nzima. Ukiishi jirani na kibanda umiza utaelewa: mpira umewekwa kwenye penalti, mpigaji hajarudi hata hatua moja, na kibanda kimeshalipuka.

Tulichofanya ni kushusha kifurushi cha king'amuzi ngazi moja. Fedha iliyobaki inanunua bando, na mpwa anapakua filamu zake usiku wa manane, mnara ukiwa hauna watu, aziangalie kesho yake. Mafundi wa faiba wakionekana mtaani wakichimba, tutatoa kalamu tena.