Hako kasanamu ka Misri kana jina la mwenyewe

Wanaokusanya malikale za Misri wana utetezi wao mmoja, eti wao ni walinzi wa historia, bila wao vitu vingepotea, na mi huwa nawasikiliza kwa sababu sio wote wezi. Misri yenyewe ilikuwa inauza jamani. Makumbusho ya Cairo yalikuwa na chumba kabisa cha kuuzia, mtalii anachagua, analipa, anaondoka nacho kihalali, na biashara hiyo haikupigwa marufuku mpaka ilipokuja sheria namba 117 ya mwaka 1983. Kwahiyo bibi wa Kiingereza aliyerithi kitu kwa baba yake kilichonunuliwa zamani hizo, mi simwiti mwizi.

Ila ushabti ndo zinanishinda.

Hizi ndo wanaoanza kukusanya wengi huanza nazo maana ni ndogo na zipo nyingi. Ni visanamu, vingine havizidi kiganja, vya udongo wa kung'aa wa bluu au kijani, vimesimama kama maiti iliyozungushiwa sanda, mikono imekunjwa kifuani imeshika jembe, na ukikageuza unakuta kamfuko ka mbegu kananing'inia mgongoni. Kazi yake ni moja tu, marehemu akiitwa kule ahera kwenda kulima, kasanamu kaseme mimi hapa, kaende badala yake. Baadaye ikafika mahali tajiri anazikwa na 401, yaani mmoja kwa kila siku ya mwaka na wanyapara 36 wa kuwasimamia (hata ahera kuna wanyapara, hapo nilicheka). Halafu sasa, chini ya hiyo mikono kuna maandishi, jina la marehemu, cheo chake, na kwa zile za karne za mwisho mara nyingi na jina la mama aliyemzaa.

Sasa nieleweshe, unakanunuaje hako? Mwizi wa simu angalau anafuta picha za mwenyewe kabla hajauza, hapa jina la mwenyewe ndo linapandisha bei! Na timu yenyewe imeshavunjwa, kamoja kako Paris, kengine New York, kengine kwenye kabati la daktari wa meno sijui wapi, na kila mmoja anaamini yeye anatunza historia.

Watakwambia angalia makaratasi, kikiwa na karatasi ya zamani ni salama. Haya tuangalie makaratasi. Mwaka 2017 Metropolitan Museum ya New York, sio mtu wa mtaani, walinunua jeneza lililopakwa dhahabu la kuhani anaitwa Nedjemankh kwa karibu dola milioni 4, likiwa na kibali cha kusafirishia cha mwaka 1971. Kibali feki. Mhuri wake ulikuwa na jina la Jamhuri ya Kiarabu ya Misri wakati tarehe yake ni miezi kadhaa kabla nchi haijaanza kuitwa hivyo. Ukweli ni kwamba jeneza lilichimbwa Minya, hukohuko Misri, 2011 kipindi cha vurugu za mapinduzi, maiti ikatolewa, na ndani kukabaki mfupa wa kidole. Likarudishwa Misri 2019. Wataalam wote wale na maabara zao hawakuona mhuri!

Na kabla ya hapo kuna Mwingereza Jonathan Tokeley-Parry, huyo alikuwa anavipaka vitu halisi plastiki na rangi vionekane zawadi za watalii ili vipite airport, huku akitunga mkusanyiko wa kale ambao haujawahi kuwepo na kuzeesha lebo zake kwa majani ya chai. Mshirika wake Frederick Schultz, dalali mkubwa tu New York, alihukumiwa 2002. Kwahiyo mtu akiniambia kitu chake kina karatasi namuuliza karatasi imekunywa chai ngapi.

Hata kikiwa halali kabisa ulinzi wenyewe uko wapi? Manispaa ya Northampton kule Uingereza ilikuwa na sanamu ya kaburini ya Sekhemka, karani wa Misri ya kale, iko makumbusho ya umma, 2014 wakaipiga mnada pauni milioni 15.76 kwa mtu ambaye hata jina halikutajwa.

Na sisi tusijifanye haya ni mambo ya mafarao tu. Vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu, viling'olewa hivyohivyo. Mwaka 1985 mzee alipigwa picha amesimama na vigango viwili vya ndugu zake marehemu, muda mfupi vikaibiwa, vikaja kuonekana kwenye makumbusho ya Marekani, na kimoja kikarudi kijijini 2007. Hapo picha ilikuwepo. Vingapi havina picha.

Kama una hamu na Misri nenda Misri. Makumbusho mapya pale mji wa Giza yalifunguliwa rasmi Novemba 2025, vitu vya farao Tutankhamun zaidi ya 5,000 vimewekwa pamoja, na ushabti alizokutwa nazo zilikuwa 413, nauli ya ndege kutoka Dar wala haifiki bei ya ushabti nzuri ya mnadani.