Sura 46 za mwanamke anayeishi peke yake

Wapo wanaoifunga *Dove mi trovo*, riwaya ya kishairi ya mwandishi Jhumpa Lahiri, wakilalamika kwamba hakuna lililotokea. Nadhani wameisoma kwa pupa. Kitabu kilitoka kwa Kiitaliano mwaka 2018, na mwandishi mwenyewe akakitafsiri kwa Kiingereza mwaka 2021 kwa jina la *Whereabouts*. Kina sura 46 katika kurasa zisizofika 200. Msimulizi ni mwalimu wa chuo kikuu, mtu mzima asiye na mume wala mtoto. Hatajwi jina, na mji anaoishi hautajwi pia.

Tukisikia riwaya ya kishairi, wengi wetu hutarajia tamathali zikipigana vikumbo. Humu sentensi ni fupi na maneno ni ya kila siku. Ushairi umo katika kukata. Kila sura ina kichwa cha mahali au majira: ofisini, bwawani, kwenye chumba cha kusubiri, Agosti. Baadhi ya vichwa hurudi kama kibwagizo, na kila vikirudi mwanamke huyu amebadilika kidogo.

Tazama sura ya duka la vifaa vya kuandikia. Amezoea kununua pale madaftari na kalamu. Siku moja anakuta panauzwa masanduku ya safari. Msomaji mwenye haraka atadhani ni habari ya biashara iliyofungwa, lakini mwishoni mwa kitabu mwanamke huyu anaondoka kwenda nchi nyingine, na hapo ndipo sura ile inapopata uzito wake wote. Kifo cha baba yake, mpenzi wa michezo ya kuigiza, nacho hakisimuliwi kwa mkupuo. Tunakipata kidogo kidogo, kikichomoza katikati ya shughuli nyingine. Ndiyo maana nashauri kisomwe sura tatu au nne kwa siku, bila kuruka hata moja.

Kwa Kiswahili tunazo riwaya fupi zenye lugha ya kishairi: *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) za Kezilahabi. Hizo zinabeba falsafa na visasili. Ya mwanamke anayepanga foleni benki, anayenunua nusu kilo ya unga dukani kwa Mangi na kurudi chumbani kwake, bado naitamani sana.

Atakayejaribu kuiandika riwaya hiyo atakutana na mitego. Mkubwa ni kueleza kwa nini hajaolewa: ukishaleta mchumba aliyemtoroka, msomaji anaacha kumtazama mwanamke na kuanza kungoja harusi. Jirani na aulize, shangazi na aulize, ila riwaya isijibu. Mtego mwingine ni kufunga kila sura kwa methali. Sura ya kumi ikifika, msomaji anaijua ya kumi na moja itakavyoisha.

Anza na orodha ya mahali anapofika kwa mwaka mzima, tangu vuli hadi kipupwe: saluni, kituo cha daladala, msibani, bombani. Kila mahali pape tendo moja, maneno kati ya 300 na 900. Ukimaliza, soma sentensi ya mwisho ya kila sura. Ikiwa inaeleza maana ya yaliyotangulia, ifute. Sura inayokataa kufupika mara nyingi imebeba matendo mawili, basi igawe, na sehemu ya pili uipeleke mbali, sura kumi mbele.