Utafiti wa ajira na aplikesheni: hela ya nani, swali la nani

Ukigusa tu habari ya utafiti wa uchumi hapa Tanga, iwe Ngamiani au kwenye kundi la WhatsApp la madereva, watu wanagawanyika hapo hapo. Kuna wa kukwambia utafiti uliolipiwa na kampuni au mfadhili wa nje ni wa kutupa, aliyetoa hela ndo keshaandika majibu. Na kuna wa kukwambia bila hizo hela hata hicho kidogo tunachojua kuhusu ajira tusingekijua, maana kuzunguka mtaa kwa mtaa kuhoji watu ni gharama kweli kweli. Mi nimewahi kufanya kazi ya udadisi, ile ya kutembea na tableti kuhoji watu, na naona pande zote mbili zina hoja ila zinabishania jibu, wakati hela inafanya kazi yake mapema zaidi, kwenye swali, na baadaye kwenye nani anabaki na data.

Chukua mfano wa mtu mmoja, Alan Krueger, mchumi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, aliyefariki 2019. Mwaka 1994 yeye na mchumi mwenzake David Card walitoa utafiti wa migahawa 410 ya vyakula vya haraka kwenye majimbo mawili jirani ya Marekani. New Jersey ilipandisha kima cha chini cha mshahara Aprili 1992 kutoka dola 4.25 mpaka 5.05 kwa saa, Pennsylvania haikupandisha, wao wakalinganisha pande mbili za mpaka wakakuta kazi hazikupungua kama vitabu vilivyokuwa vinatabiri. Kelele zikawa kubwa. Wakaja wachumi wengine wawili na data ya malipo ya wafanyakazi iliyoonyesha kazi zimepungua, ila sehemu ya ile data ilikuwa imekusanywa na taasisi yenye uhusiano na wenye migahawa, yaani haohao wanaolipa mishahara. Mwaka 2000 Card na Krueger wakarudi na takwimu za serikali, wakakuta athari ni ndogo au haipo. Card akapewa Nobel ya uchumi 2021.

Mpaka hapo mtu wa upande wa kwanza anashangilia, si unaona, hela ya wenye migahawa. Sawa, lakini subiri. Krueger huyohuyo mwaka 2015 akatoa utafiti kuhusu madereva wa Uber, ile kampuni ya aplikesheni ya kuita usafiri kwa simu, akiandika pamoja na mchumi aliyeajiriwa na Uber, kwa mkataba na Uber, na sehemu ya data ni ya mahojiano ya madereva 601 yaliyofanywa na kampuni ya kura za maoni iliyopewa kazi na Uber. Na hakuficha, aliandika wazi. Majibu yalisema madereva wengi wanapenda uhuru wa kupanga saa zao, na mapato yao kwa saa hayako chini ya ya madereva wa teksi wa kawaida. Mi siamini alidanganya. Ila mapato yale yalihesabiwa kabla ya kutoa mafuta, matengenezo na gari kuchakaa, na dereva yeyote wa hapa mjini atakwambia hapo hujaongea chochote, hela ya dereva ni ile inayobaki.

Miaka mitatu baadaye Lawrence Mishel, mchumi wa taasisi ya utafiti ya Marekani iitwayo Economic Policy Institute, akakaa akatoa makato ya kampuni, gharama zote, kodi anazojilipia dereva na thamani ya mafao ambayo mwajiriwa wa kawaida angepewa, akafika dola 9.21 kwa saa. Hapo napo tuwe wakweli, ile taasisi sehemu ya hela zake inatoka vyama vya wafanyakazi, kwa hiyo mwenye hela yuko huku pia. Wote wawili wachumi wazuri, hesabu zao unaweza kuzifuata mstari kwa mstari, ila mmoja aliuliza dereva anaingiza shilingi ngapi na mwingine akauliza anabaki na shilingi ngapi.

Hii nimeiona kwa macho yangu stendi ya Kange. Kijana wa bodaboda amekaa juu ya pikipiki yake, anaulizwa unaridhika na kazi yako kiasi gani kuanzia 1 mpaka 5, akasema 4, maana siku hiyo asubuhi abiria walikuwa wengi. Akaulizwa anaingiza ngapi kwa siku, akataja. Hakuulizwa pikipiki ni ya nani. Ilikuwa ya mkataba, kila siku anapeleka hesabu kwa bosi, siku ya mvua hesabu iko palepale, siku anaumwa hesabu iko palepale, na akichelewa siku kadhaa pikipiki inachukuliwa hata kama amebakiza kidogo imalizike iwe yake. Kwenye ile fomu huyo kijana ni mtu aliyejiajiri, mwenye kipato fulani, mwenye furaha 4 kati ya 5. Hakuna mtu aliyedanganya pale na hakuna mtu aliyehongwa, fomu ilitoka mbali ikiwa imeshatungwa na mdadisi haruhusiwi kuongeza swali.

Sasa hoja ya upande wa pili, na mi naiheshimu sana. Angalia mvutano wa LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, na kampuni za aplikesheni mwaka 2022. LATRA ilishusha kamisheni, yaani fungu la nauli ambalo kampuni inamkata dereva, isizidi asilimia 15, Uber ikasimamisha huduma Aprili, mshindani wake Bolt naye Agosti ikapunguza huduma zake, Desemba LATRA ikapandisha kiwango mpaka asilimia 25, Januari 2023 Uber ikarudi. Ule mvutano wote kampuni zilikuwa na rekodi ya kila safari, kila dakika, kila shilingi, dereva ana daftari na kumbukumbu ya kichwani. Asilimia 15 ni ndogo au 25 ni kubwa, utajuaje bila kujua dereva anakaa saa ngapi bila abiria? Hapo ndo unaona mtu anayesema tusikubali utafiti wa kampuni anatuacha gizani kabisa, maana hiyo data ni ya kwao na hakuna njia nyingine ya kuipata zaidi ya kukaa nao mezani. Utafiti wenye kasoro ulio wazi bora kuliko kukosa kabisa, unaweza kuukosoa, unaweza kurudia hesabu zake kama Mishel alivyofanya.

Na hela ya serikali nayo siyo dawa ya kila kitu. Tanzania ilibadilisha Sheria ya Takwimu 2018 ikawa ukitoa takwimu zinazopingana na za serikali uko kwenye matatizo, Benki ya Dunia ikasema hadharani kwamba ina wasiwasi, 2019 ikarekebishwa. Kwa hiyo anayedhani tukiondoa kampuni na wafadhili tutabaki na ukweli mtupu, hajaangalia vizuri.

Ila sisi wa Tanga hii habari tuna historia nayo kuliko wengi. Mkonge uliletwa na Mjerumani Hindorf 1893, na wenye mashamba walikuwa wanatoa hela za utafiti kwenye kituo cha Mlingano, Muheza, kupitia chama chao. Ule utafiti ulikuwa mzuri, sibezi hata kidogo, kazi ya vituo vya utafiti vya Amani na Mlingano ndiyo iliyotoa mbegu chotara 11648 ambayo mpaka leo inajulikana kote kwenye mkonge. Lakini wakati huohuo, kuanzia 1944, wenye mashamba haohao walikuwa na SILABU, ofisi yao ya pamoja ya kutafuta manamba, yaani vibarua wa mkataba, mikoa ya mbali, ili kila shamba lisishindane na jirani yake kwa kuongeza mshahara. Soko lenye waajiri wengi likageuka soko la mwajiri mmoja. Leo wachumi wanaandika sana kuhusu hiyo hali, kwamba mwajiri mmoja akilishika soko la kazi mshahara unabaki chini hata kama kazi inazalisha, na ndo swali lenyewe la hizi aplikesheni, kampuni moja au mbili zikishika abiria wote dereva anakwenda wapi? Hela ya wenye mashamba ilijua kulipia swali la jani litoe nyuzi nyingi vipi. Swali la mkataji analipwa ngapi na kwa nini, hilo halikuwa swali lao.

Ndo maana kwangu kumtazama mfadhili usoni haitoshi, kumfukuza pia haisaidii. Mi nataka mambo mawili, na la kwanza nalipitia haraka: anayehojiwa apate nafasi ya kusema swali gani limesahaulika kabla fomu haijafungwa, kukaa na madereva vijiweni siku chache ni gharama ndogo sana kwenye bajeti ya mradi.

La pili ndo zito. LATRA ndiyo inayotoa leseni kwa hizi kampuni, kwa hiyo iweke sharti kwenye leseni kwamba rekodi za safari, bila majina wala namba za simu, ziende NBS, ofisi ya taifa ya takwimu, na mtafiti yeyote, wa chuo, wa chama cha madereva au wa kampuni yenyewe, azipate kwa masharti yaleyale. Kampuni zitasema ni siri ya biashara, na kuna ukweli, mshindani akijua leo saa moja jioni abiria wako wapi anakuumiza. Lakini rekodi ya miezi sita iliyopita haimuumizi mtu kibiashara, na inatosha kabisa kujua dereva amekaa saa ngapi, amekatwa ngapi, amebaki na ngapi. Kampuni ikitaka kuendelea kulipia tafiti zake ilipie tu, ila mtu mwingine awe na uwezo wa kufungua faili lilelile na kuuliza swali ambalo kampuni haikuliuliza.