Mgeni wa Kanisani Naye Apewe Jembe

Makanisa yetu mengi ya mijini yana dakika moja ambayo mgeni huiogopa tangu anapoketi. Msoma matangazo anauliza, "Tuna wageni leo? Tunaomba msimame." Kijana aliyehamia mjini wiki mbili zilizopita anasimama, anataja jina na anakotoka, anapigiwa makofi, anaimbiwa pambio, anakaa. Ibada ikiisha anatokea mlango uleule alioingilia, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza amepanga wapi wala kama ana ndugu hapa mjini. Kwenye daftari imeandikwa kwamba Jumapili hii tumepokea wageni saba. Kwa maoni yangu hatujapokea hata mmoja.

Nasema hivyo kwa sababu ya agizo lenyewe la Yesu tunalolinukuu kila mara, Mathayo 28:19: enendeni, mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi. Katika Kiswahili neno la kwanza kutugonga masikioni ni "enendeni", na papo hapo fikra zinakwenda kwenye mikutano ya hadhara, jukwaa na spika. Katika Kigiriki kitenzi kilichosimama katika hali ya amri ni kimoja tu: fanyeni wanafunzi. Kwenda, kubatiza na kufundisha vinakizunguka hicho na kukitumikia. Halafu mstari wa 20 hautaki watu wafundishwe kuyajua yote aliyoamuru Bwana. Unataka wafundishwe kuyashika. Tofauti hapo ni kubwa. Amri ya kusamehe waweza kuifundisha kwa ubao na chaki ndani ya nusu saa. Kumfundisha mtu kuishika, hana budi kukuona siku uliyodhulumiwa.

Neno "mwanafunzi" nalo tumeliachia shule. Tukilisikia tunaona dawati, daftari na mtihani, ndiyo maana tukitaka kufanya wanafunzi tunafungua darasa. Lakini ndani ya neno hilo yumo mwana. Anayefunzwa ni mtu aliyeingizwa nyumbani, akawa kama wa humo. Mtazame kijana wa gereji. Hakuna anayemkalisha chini amweleze sifa za injini. Anashika tochi, anaosha vipuri, anaagizwa spana namba 14, anasikia fundi anavyomjibu mteja mwenye hasira, anaona kama fundi husema kweli pale kifaa kilipoharibikia mikononi mwake. Mwaka ukiisha anajua mambo ambayo hakuna aliyemtamkia. Uanafunzi wa Kikristo huenda hivyohivyo, na hauwezi kumalizikia kwenye benchi la kanisa, kwa sababu kwenye benchi sote tumevaa nguo za Jumapili.

Prisila na Akila walilielewa hili. Katika Matendo 18 walikuwa washona mahema, watu wa kazi ya mikono. Wakamsikia Apolo, msomi na hodari wa Maandiko, akihubiri sinagogini huku akiujua ubatizo wa Yohana tu. Hawakumsimamisha mbele ya watu kumsahihisha. Walimchukua kwao, wakamweleza Njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Huku kwetu pia, uamsho uliochipuka Rwanda na Uganda kuanzia miaka ya 1930 ulifika Kenya na Tanganyika kwa mikutano mikubwa, lakini kilichoushikilia ni vikundi vya kila wiki ambamo ndugu walitubu wazi, Mzungu na Mwafrika pamoja, na kulala kwenye nyumba za watu wa makabila mengine bila hofu.

Basi tuanzie pale mlangoni. Acheni kumsimamisha mgeni. Wekeni watu wawili au watatu wenye moyo wa utulivu, wafike dakika 20 kabla ya ibada na kukaa mabenchi ya nyuma, maana mgeni hukaa nyuma. Kila mmoja ajitwike mgeni mmoja tu. Anayewasalimia kumi hakumbuki jina la yeyote. Akae naye, amfungulie kitabu cha nyimbo, amnong'oneze wakati wa kusimama, na sadaka ikifika asimtazame mkono. Baada ya ibada ajue mambo matatu: jina, mtaa anaokaa, namba ya simu. Maswali ya "umeokoka?" au "barua ya usharika ulikotoka iko wapi?" yana wakati wake, na wakati huo si dakika ya tano.

Simu ipigwe kabla ya Jumanne usiku, na apige yuleyule aliyekaa naye. Hapa ndipo makanisa mengi yanapoharibu: namba inakabidhiwa ofisini, ofisi inaiingiza kwenye kundi la WhatsApp, na ujumbe wa kwanza anaoupata mgeni ni wa mchango wa ujenzi wenye namba ya kutumia pesa. Hapo ameshaelewa alitakiwa kwa ajili gani, na hata mkiwa na nia njema kiasi gani, itawachukua miezi kumwondolea wazo hilo.

Kabla wiki mbili hazijaisha, aje kula nyumbani kwa mtu. Sisemi sherehe. Kilo moja ya mchele na nusu kilo ya maharage yenye nazi vinatosha watu sita, na mboga za majani. Pilau, kuku na soda za kreti vina hasara mbili: mgeni anajiona ana deni asiloweza kulilipa, na jirani yako mwenye kipato kidogo anaogopa kukaribisha baada yako. Mpikie kile ambacho mngekula bila yeye. Watoto wakae palepale, kelele zao zikiwamo. Sala ya chakula iwe fupi. Msigeuze mlo kuwa semina. Aone tu baba mwenye nyumba akimwomba mkewe radhi, aone mnavyomtaja jirani asiyekuwepo. Wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau walifafanuliwa Maandiko na Yesu mfufuka njia nzima, lakini macho yao yalifunguka mezani, mkate ulipomegwa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi tunaisoma methali hii kama ya kumfukuza mtu kwa adabu. Mimi naisoma kama methali ya heshima, kwa sababu mtu asiyepewa kazi hubaki mgeni hata akikaa miaka kumi. Kwa hiyo kufikia wiki ya tatu au ya nne, mpeni jembe: apange viti, asome somo kwenye jumuiya, yaani kikundi cha waumini majirani wanaosali nyumba kwa nyumba, afuatane nanyi hospitali kumwona mgonjwa. Hospitali ni shule nzuri mno. Ataona kwamba dakika 15 zinatosha, kwamba mnauliza kwanza kama mgonjwa ameruhusiwa kula kabla ya kumfungulia chupa ya uji, kwamba mnaomba kwa sauti ya chini kwa kuwa kitanda cha pili kuna mtu anayetaka kulala. Kazi mbili tu asipewe mapema, fedha na watoto. Watoto wa shule ya Jumapili wasiachiwe mtu ambaye hajafahamika angalau miezi sita, na hata baada ya hapo wawe watu wazima wawili chumbani kila wakati. Kupenda wageni hakutuondolei wajibu wa kuwalinda wadogo.

Mahali pa yote haya tunapo tayari. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa nchi za AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, Tanzania na Kenya zikiwamo, walikubaliana kwamba jumuiya ndogondogo ziwe kipaumbele cha kichungaji, na Walutheri nao wana jumuiya zao za nyumba kwa nyumba. Ni hazina kubwa, na inaniuma kuona tunavyoichakaza. Jumuiya ikifika kaya 40, mtu anaweza kukosekana miezi miwili bila kuulizwa. Igawanyeni ikizidi 15. Ikikutana Jumamosi saa 12 asubuhi peke yake, imewafungia nje mlinzi anayetoka zamu, mama ntilie aliye jikoni tangu saa 10 usiku, na dada wa kazi anayeandaa chai ya nyumba nzima. Kibaya zaidi ni pale jumuiya inapogeuka dirisha la kugongea barua mhuri. Watu wanahudhuria ili mtoto wao asikataliwe kipaimara na wao wasikose kuzikwa kikanisa. Woga huo unajaza daftari la mahudhurio, ila haujamfanya mtu yeyote mwanafunzi. Dawa moja ndogo ambayo jumuiya yoyote inaweza kuianza wiki ijayo ni kuubadili utaratibu: Neno kwanza, kisha kila mmoja aeleze wiki yake ilivyokwenda, michango ije mwisho kwa dakika kumi tu.

Kwenye msiba tunasifika, na kwa haki. Turubai, viti, kuni, sufuria za kukodi, vyote hufika kabla marehemu hajatoka mochwari. Udhaifu wetu unaanza baada ya matanga kuanuliwa. Wiki ya tatu mjane yuko peke yake, ndugu wamerudi mikoani, ada ya shule inadaiwa, na hapo ndipo usiku unakuwa mrefu. Mwenyekiti wa jumuiya aandike tarehe siku hiyohiyo ya mazishi: wiki ya tatu, wiki ya sita, mwezi wa tatu. Waende wawili, na kilo mbili za unga mkononi, na wasile chakula chake.

Neno kuhusu majirani wasio Wakristo. Upendo ukiwa chambo, samaki huujua. Ukimkaribisha jirani Mwislamu, nunua nyama iliyochinjwa kihalali, na kama sufuria imewahi kupikiwa nguruwe, azima nyingine au mwambie ukweli achague mwenyewe. Mwezi wa Ramadhani akikuletea sahani ya futari, sahani isirudi tupu. Petro anatuagiza tuwe tayari kumjibu kila anayetuuliza habari za tumaini letu, na kwa upole. Basi maisha yetu yawe ya kumfanya mtu aulize. Akiuliza, jibu waziwazi bila kuona haya, umtaje Yesu kwa jina. Asipouliza miaka 20, bado ni jirani, na akiugua bado utakesha naye.

Kama mnataka pa kuanzia Jumapili hii, mtazameni yule dada wa kazi wa benchi la nyuma, aliyempakata mtoto wa mwajiri wake. Baada ya ibada hana nafasi, anawahi kupika. Muulizeni jina lake, si la bosi wake, na saa anayopumzika. Kisha mama mmoja wa jumuiya aende saa hiyo, abishe hodi kwa mwenye nyumba kwa adabu, aombe kukaa na dada huyo kibarazani nusu saa.